Tabaka la Nane

Katika maisha yake Sikudhani Pazi alikuwa amesakinisha mfumo wa Linux kwenye kompyuta zaidi ya mia nne, na hata siku moja flashi haikumponyoka.  Leo kitu hicho, kisichozidi kidole gumba, kilimponyoka mara mbili kabla hajakiingiza kwenye tundu la kisanduku kilichowekwa juu ya kigoda, kando ya kitanda. Kisanduku chenyewe hakikuwa kompyuta ya dukani. Kilikuwa Kumbukizi, na waya wake mwembamba ulipanda juu ya shuka ukaingia nyuma ya sikio la Mzee Mihayo Ngelela.

"Mtani," mzee akasema kutoka kwenye mto, "mbona unaishika hiyo flashi kama umeshika jongoo?"

"Nyamaza wewe. Wanyamwezi siku zote mmebeba mizigo ya watu kichwani, ndiyo maana leo kichwa kimekujaa."

"Na Mzaramo, tangu lini akaacha kukuna nazi akashika mashine?"

Walicheka wote wawili. Kabula, binti wa mzee, hakucheka. Alisimama upande wa pili wa kitanda, khanga kaifunga kiunoni, ameukumbatia mfuko wa kupumulia wenye barakoa ya mpira. Macho yake hayakutoka kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na jua la Tabora lilikuwa limekwisha kuupasha moto ukuta wa nje.

Saa sita kamili kampuni iliyoitengeneza ingezima funguo zake, na bila funguo hizo Kumbukizi haifanyi kazi. Ilikuwa imeuzwa, na wamiliki wapya hawakuwa na haja na Kumbukizi za zamani, basi wakatuma ujumbe wa mistari mitatu uliomalizikia kwa maneno "Asante kwa kuwa nasi." Wiki iliyopita walizima fungu la kwanza. Huko Kipalapala kulikuwa na mama mmoja aliyezimikiwa huku anakunywa uji. Sikudhani aliitwa akiwa amechelewa, akamkuta mama ameegemezwa ukutani, kikombe bado kiko mkononi, uji umepoa. Tangu siku ile hakuwa amelala sawasawa, na kila alipofumba macho alikiona kikombe kile.

Ndiyo sababu alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa ya haki. Miaka minane nyuma kiharusi kilimpiga Mzee Mihayo, kikampooza mkono mmoja na kuua sehemu mbili za ubongo wake: ile inayoamrisha pumzi, na ile inayotunza mambo mapya. Ya zamani yote yalibaki kichwani mwake: reli aliyoitumikia, harusi yake, kuzaliwa kwa Kabula. Lakini kila kilichotokea baada ya kiharusi kilikaa ndani ya kisanduku kile. Kumbukizi ilimkumbukia na kumpumulia. Ikifungwa saa sita, angevuta pumzi mbili tatu za mazoea, kisha basi.

Mafundi wawili wa mjini walikataa kazi hiyo. Kabula aliyajua mambo ya kompyuta kiasi cha kuifanya mwenyewe, lakini wazee wa ukoo walisema hapana, kumzima mtu na kumwasha si kazi ya mwanawe. Msibani ni watani wanaoyashika yale ambayo mikono ya wafiwa inashindwa kuyashika, na hili lilikuwa karibu mno na msiba. Mtani tena haruhusiwi kuficha neno. Wenye nyumba wakikaa kimya, yeye ndiye anayesema. Basi wakamwita Sikudhani, Mzaramo aliyehamia mtaa wa Cheyo miaka kumi na mitano iliyopita na ambaye mzee hakuacha kumtania hata siku moja.

Linux aliyokuja nayo ilikuwa imechongwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya Kumbukizi, bure, bila funguo za kampuni yoyote. Aliipakua jana asubuhi, akalinganisha alama zake za uhakiki mara tatu, tarakimu kwa tarakimu, ndipo akaiandika kwenye flashi. Herufi moja ikikosewa kwenye simu, simu inakwama. Hapa angekwama mtu.

"Tayari?" akauliza.

Kabula akaiweka barakoa usoni mwa baba yake. Mzee akawakonyezea.

Sikudhani akabonyeza swichi.

*

Sekunde tisini za mashine kuwaka upya si nyingi ukizisikia kwenye redio. Kifua cha mzee kilisimama. Kabula akaminya mfuko, akaachia, akaminya, midomo yake ikihesabu. Macho ya mzee yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu. Sikudhani alikuwa akikigonga kitufe cha F12, cha kuiamuru mashine iwake kutoka kwenye flashi, mpaka skrini ndogo ya kisanduku ikatoa maandishi meupe.

*Jaribu bila kusakinisha. Sakinisha. Rudi.*

Akachagua la kwanza. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo alivyowafundisha wengine: kabla hujaipa mashine mfumo mpya, uendeshe kwanza kutoka kwenye flashi uone kama viungo vyote vinaitikia. Mfumo wa namna hiyo husoma diski ya zamani ila hauandiki chochote juu yake. Unachokifanya humo ni kama chaki ubaoni, ukizima kimefutika.

Kifua kikapanda chenyewe.

"Eeh," mzee akasema ndani ya barakoa. "Mmeshanizima?"

Kabula akauachia mfuko, akalia kidogo kwa furaha. Sikudhani naye machozi yalimlenga, ila hakuyaruhusu. Akafungua sehemu ya kusakinisha, akasoma, na ule moto mdogo wa furaha ukamzimikia kifuani.

Diski ilikuwa imejaa. Mfumo mpya ulihitaji giga ishirini, na zilizobaki zilikuwa nne. Zaidi ya hizo palikuwa na matabaka manane, tabaka moja kwa kila mwaka wa mzee tangu kiharusi, yamepangwa kama magunia ghalani. Aliyajua matabaka hayo. Hayakatwi nusu, ukilikata moja linaoza lote. Hayahamishwi, kwa sababu yameshonwa kwenye diski ile ile na ukiyanakili nje yanakuwa takataka. Wala mzee asingeweza kuishi kwenye flashi siku zote, kila ikizimika akirudi kuwa mtu wa jana, na umeme ukikorofisha ni sekunde tisini nyingine bila pumzi.

Tabaka moja lilipaswa kufutwa. Akamwambia Kabula kwa sauti ya chini.

"La tano," Kabula akajibu upesi, upesi kuliko inavyompasa mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza. "Futa la tano, dada. Ndio mwaka aliofariki mama. Mwondolee huo uchungu."

"Tumuulize mwenyewe."

"Ya nini kumsumbua?"

"Kichwa ni chake, Kabula."

Mzee alikuwa amesikia. Masikio yake hayakuwahi kuwa na kiharusi. Sikudhani akamweleza kila kitu waziwazi: nafasi, matabaka, saa. Akamwambia kuwa bintiye anapendekeza la tano.

Mzee akasema, "Mwaka ule mke wangu Nyanzala alikuwa hawezi kunyanyua kijiko. Mimi mwenye mkono mmoja ndiye nilimlisha. Usiku wa mwisho aliniambia maneno ambayo sitawaambieni. Mkifuta huo mwaka nitaamka nikimwita, na ninyi mtanijibu nini? Hapana. Kama bei ni hiyo, niacheni saa sita inikute. Nimekataa. Umesikia, mtani?"

"Nimesikia."

"Baba!" Kabula akapiga kelele, na hapo akafanya kile ambacho binti yeyote aliyelelewa vizuri kwao angefanya mbele ya mzazi aliyekasirika. Alipiga magoti ili kumsihi. Alipiga magoti pale pale alipofika, kando ya kigoda, na pindo la khanga yake likainasa flashi likaing'oa.

Skrini ikawa nyeusi.

"Mfuko!" Sikudhani akapiga ukelele. "Kabula, mfuko!"

Mfuko ulikuwa umeangukia chini ya kitanda. Kabula alijitupa kifudifudi kuutafuta, huku Sikudhani akiirudisha flashi tunduni. Sekunde kumi na tano zilipita bila mtu kumpa mzee hewa. Midomo yake ilianza kubadilika rangi kabla barakoa haijamfikia, na Sikudhani akasikia sauti yake mwenyewe ikisali, yeye ambaye hakumbuki mara ya mwisho kusali ilikuwa lini.

Maandishi meupe yakarudi. Jaribu bila kusakinisha. Kifua kikapanda.

Mzee akapepesa macho, akatabasamu, akawakonyezea.

"Eeh. Mmeshanizima?"

*

Wanawake wale wawili walitazamana juu yake.   Mtu aliyesema hapana alikuwa ameondoka, na mahali pake palikuwa na mtu ambaye hajaulizwa kitu.

Saa ilionyesha tano na dakika tano.

Kabula akamvuta Sikudhani mpaka mlangoni.

"Hakumbuki," akanong'ona. "Muulize tena. Safari hii muulize vizuri."

"Vizuri ndiyo vipi?"

 Kabula alirudi kitandani mwenyewe, akaushika mkono wa baba yake, akasema kwa upole, "Baba, mashine imejaa. Fundi anataka kuondoa vitu vya zamani kidogo ili apate nafasi. Aondoe?"

"Fanyeni mnavyoona," mzee akasema. "Mimi najua nini mambo ya mashine?"

"Umesikia?" Kabula akamgeukia Sikudhani. Uso wake ulikuwa wa kuombea uhai. "Amekubali. Kwa kinywa chake."

Hapo ndipo Sikudhani alipoogopa kweli, na hakumwogopa Kabula wala saa. Alijiogopa yeye. Maana moyo wake ulikuwa umekwisha kulipokea jibu lile. Ruhusa ilikuwa imetamkwa, mzee yu hai, na akifuta tabaka la tano ataendelea kuwa hai, kuna ubaya gani? Na kama asingekubali hata mara hii, wangezima wakauliza mara ya tatu, na ya nne, wakibadilisha maneno kidogo kidogo, mpaka apatikane mzee anayesema wanachotaka kukisikia. Mashine ingewaruhusu. Uwezo kama huo juu ya mtu mwingine haukupaswa kuwa mikononi mwa fundi wa Cheyo, wala wa mtu yeyote.

Alikikumbuka kikombe cha Kipalapala. Zilibaki dakika hamsini na tatu.

"Mtani," akasema. "Usikubali upesi. Umekwisha kuniambia hapana."

"Dada!" Kabula akalia.

"Nyamaza. Mliniita kwa kazi hii hii." Akavuta kiti mpaka karibu na kitanda. "Robo saa iliyopita nilikuuliza jambo, ukanijibu, kisha flashi ikachomoka na ukasahau. Vitu vya zamani anavyotaka Kabula viondolewe ni mwaka aliofariki Nyanzala. Ulisema bora ufe."

Tabasamu lilimtoka mzee usoni. Aliutazama waya, akakitazama kisanduku, akamtazama binti yake. Ni jambo la kutisha kuambiwa ulisema nini na usijue ulivyolisema.

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema tukuache saa sita ikukute."

"Basi nilisema sawa," akasema polepole. "Kabula. Kwa nini huo mwaka?"

Kabula alijaribu kusema kuhusu uchungu, uchungu wa baba yake, ila maneno hayakufika mbali. Akakaa kitandani. "Kwa sababu sikuja," akasema. "Mama aliugua miezi saba na sikuja. Mlimzika na sikuja. Hukunisemesha miaka mitatu, baba. Niliporudi, karibu mwaka mzima ulikuwa ukinitazama kama mpangaji. Mwezi uliopita tu ndiyo umeniita mwanangu. Nilitaka... nilitaka huo mwaka usiwepo."

Mzee akafumba macho. Sikudhani alidhani amechoka. Kumbe alikuwa anahesabu.

"Umerudi tabaka la ngapi?"

"La nane," Sikudhani akajibu. "Lote zima ni la kurudi kwake."

"Lina uzito gani?"

Sikudhani akatazama skrini. "Giga kumi na saba. Pamoja na zile nne, linatosha."

"Futa hilo."

Kabula alitoa mlio mdogo, wa mtu aliyekanyagwa.

"Nisikilize, mwanangu," mzee akasema, akaushika mkono wake. "Nyanzala hawezi kunitengenezea mwaka mwingine. Wewe upo. Nitaamka na hasira zangu, najijua nilivyo, na utaanza upya. Uliweza mara moja."

"Na nisipoweza?"

"Hilo sijui," mzee akasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile naye sauti yake ilionyesha kuogopa. "Nami ninaliogopa. Lakini ndilo jibu langu, na safari hii nimeulizwa nikijua. Fanya kazi yako, mtani."

*

Saa tano na dakika ishirini na tano, Sikudhani akalifuta tabaka la nane. Mashine ilimuuliza kama ana hakika. Akamtazama mzee, mzee akaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Kwenye chaki ile ya muda mzee alibaki vilevile, maana mashine ilichokwisha kukisoma kilikuwa bado kwenye kumbukumbu ya kupita. Mkono wa bintiye alikuwa bado ameushika na bado alijua kwa nini.

Kisha zikaja diski mbili kwenye orodha. *sda. sdb.* Mfumo ulitaka kujua uandike wapi, na diski utakayoichagua ingesafishwa yote usipoutaja ule uwazi ulioachwa na tabaka la nane. Moja ilikuwa flashi. Nyingine ilikuwa Mzee Mihayo. Miaka sita nyuma Sikudhani aliwahi kuchagua vibaya, akafuta picha zote za harusi ya wifi yake, na mpaka leo wifi yule humpa mkono bila kumtazama. Akasoma ukubwa wa kila moja kwa sauti. Akausoma tena. Akamwomba Kabula asome.

Kabula hakusoma. Mkono wake ulikuwa umekwenda kwenye kigoda, na vidole viwili vilikuwa vimeishika flashi.

Hakuivuta. Aliishika tu. Akiivuta, sekunde tisini, na mzee angewakonyezea tena na kuuliza kama wamemzima, na tabaka la nane lisingerudi, lakini hata ule uamuzi wake usingekuwepo, na la tano lingeweza kufutwa nalo. Angeamka bila msiba na bila hasira, akimsubiri mkewe atoke sokoni. Sikudhani aliyaona yote hayo katika vidole viwili. Kumrukia hakuweza, angeing'oa mwenyewe.

"Kabula," akasema. "Kuna mtu hapa ameshajibu."

Ukutani saa iligonga, taratibu, kama saa za ukutani zinavyogonga wakati hakuna anayetaka kuzisikia.  Mzee alikuwa anamtazama binti yake tu, na hakuutoa mkono wake mkononi mwake.

Vidole vikaachia.

"*sda* ni giga mia moja na ishirini na nane," Kabula akasoma, kamasi zikimtoka. "Ndiyo baba. *sdb* ni thelathini na mbili. Ndiyo flashi."

Sikudhani akachagua uwazi ndani ya *sda*, akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Asilimia tatu. Asilimia kumi. Mfumo ukaomba jina la mtumiaji na neno la siri, na Sikudhani akampa mzee kibodi.

"Weka neno ambalo ungeliweka hata mwaka jana. La zamani, la kichwani mwako mwenyewe. Usituambie."

Wanawake wakageuza migongo. Walikisikia kidole kimoja kikitafuta herufi, kitufe kimoja baada ya kingine, kwa muda mrefu. Miaka minane funguo za kichwa kile zilikuwa za watu wasiojua hata jina lake.

Saa sita kasoro dakika tisa: *Usakinishaji umekamilika. Ondoa flashi, kisha bonyeza Enter.*

"Haya," mzee akasema. Aliuvuta mkono wa Kabula mpaka kifuani. "Mwanangu. Nimekuita?"

"Umeniita, baba."

"Shika mfuko."

Kabula akamwekea barakoa. Sikudhani akachomoa flashi. Akabonyeza.

Walihesabu pamoja kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuhesabu peke yake. Minya, achia. Thelathini. Skrini ilikuwa nyeusi. Sitini. Bado nyeusi, na kistari kimoja cheupe pembeni kikiwaka na kuzima bila kwenda mahali. Tisini zikapita. Mia. Kabula alimtazama Sikudhani kwa macho ya mtu anayezama, mikono haikuacha kuminya. Mia na kumi. Sikudhani alijua kwamba mara ya kwanza mfumo mpya huchukua muda zaidi, aliwaambia wateja hivyo kila siku, na hakuamini hata neno moja la hayo aliyoyajua.

Mia na kumi na tisa, maandishi yakamiminika. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda chenyewe.

Nje, kengele ya kanisa la karibu ililia. Saa sita ilikuja ikapita, na mahali fulani mbali mtu asiyemjua mzee alizima funguo, na kisanduku juu ya kigoda kikaendelea kunguruma kwa sauti yake ndogo. Sikudhani akakaa sakafuni.

Mzee Mihayo akafumbua macho. Akaliangalia dari, kisha akamwona Sikudhani chini.

"Mtani. Mbona umekaa sakafuni kama mkeka? Umeingia saa ngapi?"

"Sasa hivi," Sikudhani akasema.

Halafu mzee akamwona aliyeshika mfuko. Uso wake ukajifunga, taratibu, kama mlango unaofungwa na mtu asiyetaka kelele. Akauvuta mkono wake kutoka pale ulipokuwa, akauficha chini ya shuka.

"Umekuja lini?"

Kabula aliuweka mfuko chini. 

"Ndiyo nafika, baba," akasema. "Shikamoo."

Mzee hakuitikia.